Namba Fupi

Kioo cha kompyuta kilisema mfereji umekauka, huku maji yakiingia majikoni mwa watu wa Chinorobod. Kina cha maji kilisomeka chini ya sifuri. Lango la mfereji likaamini, likazidi kufunguka.

Turdiali, mlinzi wa lango, alinipigia simu.

"Munojat, binti yangu, mtambo wenu umepagawa! Naenda kulifunga kwa mkono."

"Usiende, ami, subiri kwanza..."

"Nimsubiri nani? Mafuriko?"

Maiti yake ilipatikana kesho yake, katikati ya shamba la pamba.

Programu ile niliiandika majira ya baridi yaliyotangulia, ofisini kwetu Fergana. Lugha ya kompyuta tuliyoitumia haikufichi chipu. Inakupa namba zile zile ambazo chipu yenyewe inazijua, fupi au ndefu, na kuchagua ni juu yako. Fupi hubeba kiasi kidogo tu, na ikijaa haipigi kelele. Inageuka kuwa hasi, kazi inaendelea. Kina cha maji nilikiwekea ndefu. Mkuu wangu, Sobir aka, yaani kaka Sobir kama tunavyowaita wakubwa, akaketi kwenye kiti changu, akaifuta na kuweka fupi.

"Chipu yenyewe ndogo, dada. Namba ndefu, chipu itaibeba kwa awamu mbili, lango lichelewe."

"Maji yakipita mita tatu na kitu, fupi inajaa."

"Mita tatu! Unamwagilia pamba au unafuga nyangumi?"

Ofisi nzima ikacheka. Fupi ikabaki.

Kisha yakaja majira ya kuchipua yenye joto la ghafla, theluji ya milimani ikayeyuka na kushuka yote kwa pamoja.

Tume ya uchunguzi ilipouliza nani aliandika programu, Sobir aka alinitazama kwa huruma, kama baba. "Munojat. Bado mchanga, msimsumbue sana." Mimi nikafukuzwa. Yeye akakabidhiwa malango yote ya bonde, na safari hii akaweka namba ndefu. Hakuna lango lililochelewa.

Nilikwenda kwa Hosiyat, mjane wa Turdiali, nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akimega mkate.

"Kwa hiyo hiyo ndefu ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, shangazi."

"Humo humo ndani ya mashine?"

"Humo humo."

Kwetu, mgeni anayetakiwa akae humiminiwa chai kidogo tu kwenye bakuli lake, ili aombe tena na tena. Hosiyat aliinua birika, akanijazia bakuli hadi ukingoni.