Mgeni wa Ukurasa wa Mia Mbili na Tatu

Jumanne moja ya Juni, mwaka wa 1993, Awuor alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni akichambua omena kwenye ungo, vijiwe huku, samaki kule. Kuku walikuwa wanaingia kulala. Baba yake, Obiero, alikuwa amesimama nje ya ua wa mnyaa, mahali pake pa kila jioni, ameshika usukani wa baiskeli isiyo na mnyororo. Ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi miwili tangu afe.

"Omena ya wapi hiyo?" akauliza.

"Ya Usenge, Baba. Jirani yetu Selpha ameletea Dani."

"Ni nzuri. Haina mchanga mwingi."

Kisha akauliza swali lake la siku zote, kama ua umeshatobolewa. Awuor akasema bado. Obiero akaitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa kusumbua watu, hata alipokuwa hai.

Boma lao lilikuwa nje kidogo ya Kondele, pale ardhi inapoanza kupanda. Obiero alikuwa fundi wa baiskeli sokoni Sondu. Nyumba zilipochomwa huko, mpakani mwa makabila mawili, watu walimwona akivuka daraja, amempakia mzee wa jirani kwenye karia kwa sababu mzee hakuweza kukimbia. Baada ya hapo hawakuonekana tena, yeye wala mzee, na miili haikupatikana.

Mtu aliyeuawa mbali na kwao hapitishwi langoni. Wazee hutoboa ua upande, akaingizwa hapo. Na kama mwili haupo, hukatwa tunda la mti wa yago, refu na zito kama mtoto mchanga aliyefungwa nguo, likazikwa mahali pake huku jina lake likiitwa. Tangu hapo mtu hupumzika. Obiero hakuwa amepumzika, kwa sababu matanga ni mkutano, na mkutano ulitaka leseni ya chifu.

Dani Dorca, mama yake Obiero na nyanya yake Awuor, alikuwa ameenda kwa chifu mara tano. Chifu hakuwa mtu mkali. Kila mara alimpangusia kiti vumbi na kumwita Mama.

"Mama, mtu amekufa ni mtu ako na karatasi," alimwambia mara ya tano. "Na huyu wako, mimi mwenyewe nimemwona juzi pale kwa ua. Amenisalimia vizuri tu."

"Amesimama pale kwa sababu hajazikwa."

"Sasa nikiandika aliuawa, wakubwa wataniuliza ni vita gani. Hapa hakuna vita, Mama. Watu waligombana kidogo, wengine wakahama."

Dani Dorca alimshukuru kwa kiti akarudi nyumbani kwa miguu.

Wakati huo Awuor alikuwa kidato cha nne, na mwalimu wao wa fasihi, Madam Gakenia, alikuwa amewapa insha. Madam Gakenia alitoka upande wa Nyeri, na alikuwa na mazoea ya kumwachia Awuor nusu ya chapati yake ndani ya dawati. Insha ilihusu vita, familia na utamaduni katika riwaya moja ya Naijeria. Kulikuwa na nakala arobaini shuleni, na Awuor aliruhusiwa kwenda na yake nyumbani kwa sababu aliifunika kwa gazeti.

Alikuwa ameshaandika mambo kadhaa kwenye daftari lake. Aliandika kwamba vita katika kitabu hiki havianzi kwa bunduki, vinaanza siku ambayo jirani anaacha kuja kuomba chumvi. Aliandika kwamba wanawake wa huko hunyoa nywele wakifiwa, kama wa hapa, na kwamba wazee wao pia hugombania kichwa cha mbuzi. Jambo lililomshangaza zaidi aliliandika peke yake chini ya ukurasa: kwamba aliyetunga kitabu alitaja kila mto na kila daraja kwa jina lake, wala hakuna aliyemfunga.

Jumamosi alasiri alimsomea Dani, akimgeuzia maneno kwa Kijaluo, huku Dani akipukuchua mahindi. Wakafika ukurasa wa mia mbili na tatu. Hapo mwanamke mmoja, Mama Chidubem, ambaye mwanawe alichukuliwa na askari darajani, anasimama nje ya mlango wake jioni na sahani ya chakula, akimngoja. Hivyo ndivyo kitabu kinavyomalizika.

Dani Dorca aliacha kupukuchua. "Amesimama nje tangu lini?"

"Tangu kitabu kiandikwe, Dani."

"Mwambie mwenzangu aingie. Mtu hasimamishwi nje ya mlango na chakula mkononi."

Awuor hakuwa amelelewa kumbishia nyanya yake. Aliinamia kitabu akamkaribisha yule mama, akakifunga.

Asubuhi Mama Chidubem alikuwa jikoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, amejifunga kitambaa cha bluu kichwani, na alikuwa ameweka sahani yake ya bati juu ya magoti. Dani alikuwa amempa chai. Kila mmoja alisema lugha yake, wakaelewana kama wanawake wa sokoni wanavyoelewana. Alisema ugali ni mgumu kuliko chakula cha kwao, na Dani akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita.

Shuleni, nakala zote arobaini zilibaki na nafasi nyeupe kila alipokuwa ametajwa Mama Chidubem. Madam Gakenia alipekua nakala tatu, akawaambia wasichana waache nafasi kwenye daftari zao pia, wataijaza akirudi.

Jioni mgeni alitoka akamtazama Obiero. Akamuuliza kama huko aliko amemwona kijana mrefu mwenye kovu juu ya jicho. Obiero alifikiri vizuri kabla ya kujibu. Alisema daraja lake lilikuwa na watu wengi na moshi mwingi, na asingependa kumdanganya.

Siku ya nne Mama Chidubem aliuliza kuhusu matunda yaliyoning'inia kwenye ule mti karibu na kijito. Dani akamweleza kazi yake. Mgeni akautazama mti tena.

"Kwetu tunangoja tu," akasema. "Hamwezi kunipa moja?"

Dani Dorca akaenda kwa chifu mara ya sita, na Awuor akabeba kitabu. Chifu alikisoma amesimama, akirudi nyuma kurasa mbili tatu, akaangalia mwaka wa vita. Uso wake ulitulia kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hii ni sawa," alisema. "Hii vita inajulikana. Iko kwa silabasi."

Akaandika leseni kwa mwandiko mzuri. Marehemu: Chidubem. Mahali alipouawa: Naijeria. Watu wasizidi hamsini. Akagonga mhuri, akatoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli.

Njiani kurudi Awuor alisema wazike yago mbili, na ya pili waiite Obiero kimyakimya. Dani akampitisha kwa Mzee Joram, shemeji yake, ambaye ndiye angeongoza mazishi. Mzee Joram alisema jina haliitwi kimyakimya. Mtu huitwa akasikia, na askari wa chifu atakuwepo kusikia pia.

"Basi yago iwe moja, lakini tumwite Baba, hata askari akisikia," Awuor akasema.

"Mwenzangu ana mtoto mmoja," Dani akamwambia. "Sitamwibia kaburi lake."

Walimzika Chidubem siku ya Ijumaa. Kwa kuwa naye aliuawa na watu, ua ulilazimika kutobolewa. Mzee Joram alikata mnyaa kwa panga, taratibu, kwa sababu utomvu wake hupofusha, akafungua pengo la kupitisha wanaume wawili. Lilikuwa hatua tatu tu kutoka pale alipokuwa Obiero. Siku hiyo alikuwa amekuja mapema. Aliegemeza baiskeli yake, akasogea, na kwa mikono yote miwili akayarudisha nyuma matawi yaliyokatwa ili utomvu usiwadondokee wabebaji machoni. Yago ikapita, imefungwa shuka. Awuor alimtazama baba yake, na baba yake akatazama chini, kwa kuwa ilikuwa siku ya mtu mwingine.

Kaburi lilichimbwa pembeni, panapozikwa wageni. Mkono wa kulia wa nyumba ya Dani, mahali pa kaburi la Obiero, nyasi zilibaki kama zilivyokuwa. Watu walikuja hamsini kamili na wengine wakaketi barabarani ili wasizidi. Mzee Joram aliita jina la Chidubem mara tatu. Wanawake walipoanza kulia walilia muda mrefu kuliko inavyopasa kumlilia kijana wasiyemjua, na baadhi yao walikuwa wamegeukia ule ua wa mnyaa. Askari wa chifu alisikiliza kwa makini. Hakusikia jina lingine, akavua kofia, naye akalia, kwa sababu mama yake alikuwa wa Sondu.

Kabla ya jua kuzama Mzee Joram aliziba pengo kwa miiba, kama desturi inavyotaka. Pengo la aliyekufa haliachwi wazi. Obiero alimsaidia kutoka upande wa nje.

Mama Chidubem aliondoka kesho yake asubuhi. Alimwosha Dani miguu, akamwachia sahani ya bati. "Mimi sina kazi nayo tena," alisema.

Nafasi nyeupe zilijaa katika nakala zote arobaini, isipokuwa ukurasa wa mia mbili na tatu ulikuwa umebadilika. Sasa yule mama hasimami nje. Anafagia ua, anafunga mlango, analala. Madam Gakenia aliwaambia wasichana wajaze hivyo.

Awuor aliandika insha ya kurasa sita. Katika ule wa mwisho alisema kwamba familia ya kitabuni na familia yake zimetendwa jambo moja, ila moja ina mtu wa kuiandika. Akataja daraja kwa jina, na baba yake kwa jina.

Madam Gakenia alimwita mlangoni baada ya kengele. Kurasa tano zilikuwa na alama ishirini na nane kwa thelathini. Ukurasa wa sita alikuwa ameuchomoa bila kuuchana, akaukunja mara nne.

"Huu nimeusoma," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nimeusoma mara mbili. Lakini wanakagua daftari, Awuor. Andika ya Naijeria tu."

Alimpa ule ukurasa, na chapati nzima.

Jioni hiyo chifu alikuwa akipita barabarani kwa baiskeli yake mpya, na mnyororo ukatoka mbele ya boma lao. Obiero alimwomba aigeuze juu chini. Akaurudisha mnyororo kwa vidole, akakaza nati ya gurudumu la nyuma, akazungusha pedali kuhakikisha. Chifu alimshukuru kwa moyo wote. Alimwona Dani Dorca akitoka jikoni, akamwambia kwa sauti kwamba amefurahi kumkuta kijana wake anafanya kazi.

Dani alimtakia safari njema. Alikuwa amebeba ile sahani ya bati, ndani yake ugali na omena. Alisimama nayo kwenye ua, pale palipozibwa kwa miiba, na Awuor akasimama nyuma yake. Obiero alijifuta grisi kwa majani.

"Mama, ua bado?"

"Bado, mwanangu. Kula kwanza."