Redio Ndani ya Jezi ya Vigae

Kama ulitaka kujua Redio yuko mazoezini au hayuko, hukuwa na haja ya kuingia uwanjani. Ulisimama tu nje ya geti ukatega sikio.

"Kushoto, kushoto! Wewe Mnara, nyuma yako kuna mtu, si pazia! Skrini inakuja, pita chini! Usiogope, niko mgongoni kwako kama begi la shule!"

Mpira wa kikapu una jambo moja ambalo watazamaji wengi hawalijui: kukaba ni maneno. Unayemkaba mwenye mpira unamtazama yeye, huoni kinachokuja ubavuni. Adui mwingine anakuja taratibu, anajisimamisha pembeni yako kama ukuta, hiyo ndiyo skrini, nawe ukigeuka unajibamiza mzima mzima, meno mbele. Kwa hiyo lazima mwenzako akwambie. Wachezaji wengine huwa wanasema wakikumbuka. Redio alisema hata akiwa anakunywa maji.

Timu yao iliitwa Mabati kwa sababu ya paa la uwanja wao, ambalo mvua ikinyesha hata refa hasikii kipenga chake mwenyewe. Upande wa pili wa mji walikuwako Vigae. Wale paa lao vigae, sakafu yao mbao inayong'aa kama kikaango kipya, na bafuni kwao maji ya moto yanatoka kweli, si kibao tu kimeandikwa. Mabati waliwatazama Vigae kama paka anavyomtazama jirani mwenye samaki.

Redio alikuwa Mabati tangu enzi za sakafu ya saruji, ukianguka unaiachia ngozi yako kama kumbukumbu. Sasa alikuwa anakaribia arobaini. Makocha walikuja na filimbi zao wakaondoka nazo, yeye yupo. Mara mbili aliifikisha timu fainali, na mara mbili wakarudi na medali za rangi ya sufuria kuukuu. Kombe lenyewe hajawahi kulishika, hata kwa kulifuta vumbi.

Kocha wa sasa alikuwa mdogo wake kwa miaka kadhaa. Aliingia Mabati akiwa kijana mwembamba kama ufito wa mwavuli, na ni Redio aliyemfundisha kutoa pasi, kuanguka bila kuvunjika, na kudanganya refa kwa heshima. Goti lilipomkatalia akapewa ukocha. Siku yake ya kwanza kazini alimkuta Redio amewapanga wachezaji wote mstari mnyoofu, vifua mbele. "Shikamoo mwalimuuu!" wakamwamkia kama darasa la kwanza. Kocha alicheka mpaka akaketi chini. Tangu hapo, mbele ya watu Redio alimwita "kocha", tena kwa kuinama kidogo kama mhudumu wa hoteli. Wakiwa wawili, alimwita dogo. Kocha yeye alimwita kaka mahali popote.

Basi simu ikapigwa. Alikuwa kocha wa Vigae, mama mmoja asiyepoteza maneno.

"Mchezeshaji wangu kavunjika kifundo cha mguu," alisema. "Nina timu ya kuchukua kombe, sina wa kuiongoza. Namtaka Redio, msimu huu mmoja. Jumamosi tuna mechi ya kirafiki na nyinyi. Mwache acheze upande wangu nimwone. Sitaki kumwiba, ndiyo maana nakupigia wewe kwanza."

Kocha wa Mabati alikata simu akabaki anaikodolea macho. Alijua hesabu zake. Msimu uliopita Mabati walishika mkia. Msimu huu alikuwa na kijana mwenye kasi ya panya jikoni, ambaye lazima aanze, maana yake Redio akalie benchi. Mtu aliyeibeba timu mabegani miaka yote, amalize akiwa na taulo shingoni anagawa maji? Na kombe kule linamwita? Kocha akaona yeye ndiye kizuizi. Akaamua, kama watoto wanavyowaamulia wazazi wao, kwa upendo mwingi na bila kuuliza.

Jioni alikwenda nyumbani kwa Redio. Shemeji yake, mke wa Redio, alikuwa sebuleni anapiga pasi sare za shule za watoto. Redio alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, mfuko wa barafu kila goti.

"Karibu dogo. Usiyatazame magoti yangu, yana aibu."

Kocha akaketi, akaeleza yote. Simu, Vigae, Jumamosi, kombe. Redio alisikiliza bila kuchomekea neno, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu wasiwasi.

"Shemeji, hebu rudia," mke wa Redio alisema, pasi mkononi. "Nasikia kama umekuja kuwaposea watu mume wangu."

"Ni msimu mmoja tu, shemeji."

"Hata wanaoposa husema hivyo hivyo, mtoto atakuja kuwatembelea."

Redio hakucheka. "Na wewe unasemaje?" alimuuliza kocha.

"Nasema nenda, kaka. Unastahili. Mtu kama wewe kumaliza bila kombe, sisi ndio tutaulizwa. Sisi tutakuwa jukwaani tunakupigia makofi."

Redio aliyatazama magoti yake. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka na kudondokea zulia.

"Sawa, kocha," alisema.

Nyumbani kwake, hakuna mchezaji hata mmoja wa kumsikia, na kamwita kocha. Shemeji aliinua pasi kwa haraka. Kola ilishaanza kutoa harufu ya kuungua. Kocha alipofika njiani ile "kocha" ilimrudia mara mbili tatu kama mwiba wa samaki kooni, akaimeza, akajiambia ni uchovu.

Jumamosi Redio alitokea ndani ya jezi ya Vigae, na jukwaani watu wakaguna kama wamemwona baba yao kwenye picha ya harusi ya watu wengine.

Halafu mchezo ukaanza, miguno ikageuka kitu kingine.

Redio hakuwa anakimbia, alikuwa anafika. Vijana walimpita kwa kasi, wakifika wanamkuta ameshasimama pale walipokuwa wanakwenda. Mpira ulimtoka mkononi bila kelele, kwenda mahali ambapo hapakuwa na mtu, na mtu akatokea. Alimtazama kijana wa Mabati machoni kwa huruma kama anayempa pole ya msiba, huku pasi inapita nyuma ya mgongo wake mwenyewe. Kila mchezo uliposimama aliinama akashika pindo la kaptula, anajifanya analinyoosha, kumbe anayatuliza magoti. Kipenga kikilia anainuka, hakuna anayejua isipokuwa mtu aliyewahi kuvunjika goti. Kocha wa Mabati alikuwa benchi la upande wa pili, timu yake inapigwa, na mara mbili alijikuta viganja viko njiani kwenda kupiga makofi. Akavikalia.

"Kocha, unacheka na nani?" kijana mwenye kasi alimuuliza, jasho linamtiririka.

"Sicheki. Angalia mbele."

Ikaja robo ya tatu. Vigae wanashambulia. Redio ametoa pasi kwa mwenzake, amesimama upande wa mbali anasubiri. Mwenye mpira anakabwa na Mnara, yule kijana wa Mabati mrefu kama jina lake, mpole, ambaye hata refa akimwonea huwa anamwomba radhi. Jitu moja la Vigae likaanza kunyemelea ubavuni kwa Mnara, limekunja mikono kifuani, tayari kuwa ukuta.

"Mnara! Skrini kushoto, pita chini!"

Nani alifikiri? Hakuna aliyefikiri. Mnara hajawahi kufikiri Redio anaposema, unasikia, unafanya. Akapita chini, akaukuta mpira uko wazi, akauchomoa, akaenda nao peke yake mpaka ng'ambo na kuusindilia kikapuni kwa mikono miwili.

Jukwaani watu walitazamana, kama wanaohakikisha wamesikia vizuri. Kisha uwanja ukalipuka kwa kicheko. Refa alilazimika kugeukia ukuta kuficha meno.

Redio alikuwa ameshika kichwa. "Samahani! Jamani, samahani! Umeponyoka!"

"Redio!" mama wa Vigae alisimama. "Wewe ni wetu!"

"Mimi najua, mama! Ni huu ndio haujaambiwa!" Akauonyesha mdomo wake kwa kidole.

Wakacheka, wakaendelea. Dakika haikupita: "Nyuma yako, nyuma, anakatiza!" Kijana wa Mabati akageuka, akakata pasi. Mama wa Vigae akaketi, akajifunika uso kwa karatasi zake. Mara ya tatu Redio alijisikia mwenyewe neno linapanda kooni. Akaikamata jezi kifuani, akaivuta, akaing'ata.

Na hapo ndipo kocha wa Mabati aliposikia.

Alisikia raba zikilia sakafuni. Alisikia mpira ukidunda, watu wakihema, mtu akikohoa jukwaani. Basi. Vijana wake walianza kujibamiza kwenye skrini mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotembea kuelekea mlango wa kioo uliofungwa. Mwenzao anaiona skrini inakuja, anaitazama, macho yamemtoka, mdomo umefungwa. Hawakuwa wabaya. Hawajawahi kuhitaji kusema. Timu nzima ilikuwa na mdomo mmoja, na mdomo huo ulikuwa kule ng'ambo, umejaa jezi ya watu.

Vigae walishinda kwa raha zao.

Mwisho wa mchezo yule mama alimfuata kocha, akampa mkono. "Bado namtaka," alisema. "Namtaka kuliko jana. Huo mdomo ndio ninaoukosa kwangu. Mdomo wake utazoea majina yetu, nipe wiki mbili. Kombe atalinyanyua, nakwambia ukweli."

Kocha alijua anaambiwa ukweli. Hilo ndilo lililomuuma.

Alimkuta Redio chumba cha kubadilishia nguo, peke yake, anafungua kamba za raba polepole. Vijana walikuwa bombani nje, wanamwagiana maji.

"Kaka, bado anakutaka."

"Nimesikia. Ana sauti yule mama, angefaa kucheza nyuma."

"Kombe lile utalipata."

Redio alivua raba moja, akaitazama ndani kama ameweka kitu. "Nilikuwa nakusubiri unifukuze," alisema. "Ungenifukuza ningeenda nacheka, mpira ndivyo ulivyo. Lakini wewe ulikuja kwangu ukanisindikiza. Mgeni akisindikizwa kabla hajaaga, anajua mkeka umeshakunjwa."

"Sikukunja mkeka, kaka. Nilitaka upate."

"Nipate nini? Kombe la watu wengine nitalipakata kama mtoto wa jirani. Utambembeleza, atacheka, halafu mama yake anakuja kumchukua." Akavua raba ya pili. "Nimelitamani lile kombe mpaka nimeota nalo. Lakini niliota niko na nyinyi wapumbavu."

Kocha alijikaza. Hakutaka kumdanganya. "Kwetu utaanzia benchi. Yule kijana ana kasi."

"Najua ana kasi. Nani alimfundisha kusimama?"

"Na tunaweza kushika mkia tena."

"Mkia nao ni wa ng'ombe."

Bombani nje mtu alipiga yowe, wengine wakacheka. Kocha alitazama magoti ya Redio, yamevimba kama viazi, mkono wake umeyafunika. Alikuwa na sababu nyingi za kumwambia aende na zote zilikuwa za kweli. Akaona akiziorodhesha tena, mtu huyu atainuka, atasema "sawa kocha", na atakwenda, kwa sababu ya adabu tu.

"Baki, kaka," alisema.

"Eh?"

"Baki."

"Masikio ya mtu mzima haya, bwana."

"Baki! Nakuomba. Sikukuomba kwa sababu nilikuona kama nguzo ya jengo, nani anaiomba nguzo? Nimesikia leo bila wewe tukoje. Sitaki kukubakiza kwa huruma, nakutaka. Baki nasi."

Vijana walikuwa mlangoni, maji yanawachuruzika, vinywa wazi. Kocha hakuwa amewaona wanaingia.

"Mmesikia?" Redio aliwauliza. "Mashahidi mpo? Kesho asije akasema alikuwa na homa." Akachukua taulo akajifuta uso, akajifuta kwa muda mrefu kuliko jasho lilivyokuwa. Alipolitoa, macho yalikuwa mekundu na mdomo unacheka. "Haya, nabaki. Yule mama nitamwambia mwenyewe, kanitendea haki, hafai kuambiwa na mtu mwingine. Lakini sitakuwa mdomo wenu mpaka nizikwe. Mnara, njoo hapa."

Mnara akaja, ameinamisha kichwa kukwepa taa.

"Sema, skrini kushoto."

"Skrini kushoto," Mnara alisema.

"Hiyo ni skrini au unaniombea dua? Tena."

"Skrini kushoto!"

"Halafu? Mwenzako afanye nini, aandike barua? Mpe habari, usimpe fununu!"

Mnara akavuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika. "SKRINI KUSHOTO, PITA CHINI, NIKO NYUMA YAKO!"

Kocha, aliyekuwa anaokota raba sakafuni, aliruka pembeni akajigonga kwenye kabati. Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Mmeona? Kamwokoa kocha," Redio alisema. Akavaa kandambili, akainuka kwa kushika ukuta, akatoka akichechemea kumtafuta mama wa Vigae. Nyuma yake Mnara aliendelea kupiga kelele, na hakuna aliyemwambia anyamaze.