Nilisema Amelewa

Mimi ni Selpha. Kazi yangu ni kukunja vitambaa kwa kiwanda cha nguo hapa Eldoret. Naandikia wamama wenye wanaficha ugonjwa wa nyumbani.

Mwaka wa 1984, jioni moja, bendera ilikuwa inateremshwa kwa ofisi ya chifu. Firimbi ikalia, kila mtu akasimama wima. Bwanangu Obiero akashindwa. Mabega yanaruka, vidole vinacheza. Askari akamkamata shati.

"Wewe mzee, unachezea bendera ya serikali?"

Kwa maneno hayo mtu angefungwa. Nikapiga magoti. "Afande, amelewa tu!"

Watu wakacheka. "Baba Awuor leo amepigwa na busaa!"

Wakamwachilia. Na Obiero hakuwa ameonja pombe hata siku moja, alikuwa mzee wa kanisa.

Ule uongo nikaendelea nao. Kanisa likamtoa uzee, nikanyamaza. Okello alipotaka kuoa binti yetu Awuor, wazee wake walikuja kuniuliza kama kuna ugonjwa kwa ukoo. Nikasema ni pombe. Na mamake Obiero alikufa akitikisika vilevile. Nilijua.

Obiero aliposhindwa hata kumeza uji, 1999, ndiyo nikampeleka hospitali. Daktari Jepkosgei akaniuliza nafanya kazi gani.

"Basi utaelewa, Mama. Kwa ubongo kuna protini, lazima zikunjwe sawasawa. Kuna zingine kazi yao ni kusaidia kukunja, kama nyinyi. Sasa kitambaa kibaya kikija kila siku, na wakunjaji ni walewale?"

"Kinarundikana. Kazi inakwama."

"Wataalamu wengine wanafikiri ubongo unakufa hivyo. Bado wanachunguza. Dawa hakuna. Lakini hii tunajua: ni ugonjwa wa kurithi. Kila mtoto wake, nusu kwa nusu. Uko na wangapi?"

"Mmoja. Na yeye ako na wawili."

Daktari akaweka kalamu chini.

Tulimzika Obiero Agosti. Wa kanisa hawakuja. Wageni walipoondoka nikamwambia Awuor yote. Alikuwa ananyonyesha.

"Mama, ungeniambia kabla sijazaa hawa."

Akanipa mtoto, akachukua chai. Kikombe kikaanza kugonga sahani, ka-ka-ka, na yeye anakiangalia.

"Ni baridi tu, mwanangu," nikasema.

Akakiweka chini na mikono miwili.

"Umeanza tena, Mama."