Miwani Myeusi ya Owuor

Macho ya Owuor yaligeuka manjano wiki ya pili baada ya kuhamia Kampala, na hakuna anayemtaka mwoka mikate mwenye macho ya manjano. Mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi. Harufu ya hamira, aliyoizoea tangu ujana wake Kisumu, sasa ilimtapisha. Chumba chao cha mtaa wa Kisugu kilikuja na kazi. Kazi ikienda, na chumba kinakwenda, kisha yeye, mkewe Aoko na mtoto wao Oduor wanarudi nyumbani kuchekwa.

Kwa hiyo akanunua miwani myeusi.

Mwenye duka la mikate alikofanya kazi, mtaa wa Wandegeya, alikuwa Sajini Sulaimani. Wahindi walipofukuzwa mwaka uliotangulia, duka likagawiwa kwake, naye hakuweza kutofautisha hamira na chokaa. Jambo la kwanza alilofanya ni kuuza nusu ya trei za kuokea, kwa sababu aliona ni nyingi mno.

"Wewe Mkenya," alimwambia Owuor, "hii miwani ya nini? Wewe naonea mimi aibu?"

"Moto wa tanuri, afande. Unakula macho."

"Basi mzuri. Sasa nafanana mtu." Akampa na shati lake la maua, lililokuwa limeshindwa kufunga tumbo.

Owuor alimdharau sajini huyo. Aliwadharau na Waganda, waliokula ndizi za kupondwa mchana na usiku na kusema Kiswahili cha kuokota barabarani. Zaidi ya wote aliwadharau majirani zake wa uani, Waacholi, ambao lugha yao ni ndugu ya Kijaluo, kwa sababu mkewe alielewana nao.

"Hao si Wajaluo," alisema. "Hao ndio babu zetu waliowaacha njiani kwa uvivu wao."

Jambo asilolijua, na ambalo kila mtoto wa Kampala alilijua, ni kwamba mwaka ule watu wa miwani myeusi, shati la maua na Kiswahili cha amri walikuwa makachero wa serikali, wenye kazi moja tu. Waliotiwa kwenye buti la gari lao hawakurudi. Owuor aliona tu kwamba mwenye bucha alimpimia nyama kabla ya wengine wote na kumwongezea kipande cha maini.

"Umeona?" alimwambia Aoko. "Hawa wakisikia Kiswahili cha mwanamume wanajipanga wenyewe."

"Wanakuogopa, Baba Oduor."

"Waogope tu. Sikuja hapa kuoa."

Mke wa jirani wa mlango wa tatu aliitwa Anena. Yeye na Aoko walizungumza kila mmoja lugha yake na wakaelewana. Mume wake, Opoka, alikuwa tabibu wa jeshi. Waacholi wenzake walipouawa kambini alitoroka, na sasa aliwachoma watu wa mtaa sindano kimyakimya, nyuma ya pazia. Mama mwenye nyumba, Maimunah, alijua. Uani wote walijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Aoko naye hakumwambia mumewe habari za kambi.

"Nenda kwa Opoka," alimwambia tu. "Mwoneshe macho. Usimuulize maneno mengi."

"Yule? Hata viatu hana."

Alikataa mpaka maumivu chini ya mbavu yakamzuia kuinama mbele ya tanuri. Jumamosi alasiri akaenda, na miwani yake, na shati lake la maua. Kwenye benchi walikuwepo wanawake wawili na watoto mgongoni. Walipomwona waliinuka wakaondoka, na mmoja akaacha kandambili moja pale chini. Owuor akaketi, akajitanua. Mtu hamkabidhi ini lake mtu yeyote tu bila kumchunguza.

"Wewe ndiye Opoka?"

"Ndiyo, afande."

"Kazi hii ulijifunzia wapi?"

Opoka alikaza mgongo, visigino pamoja, kama askari mbele ya mkubwa wake.

"Nimekuuliza. Jeshini, siyo? Kambi gani? Mkubwa wako alikuwa nani?"

"Mimi nasaidia majirani tu, afande. Si kazi."

"Cheti kiko wapi?"

"Afande, tafadhali vua miwani, nione macho."

Nyuma ya pazia alikuwemo Anena, akimbembeleza mtoto wake, na Owuor hakutaka habari za macho yake zitembee hadi Wandegeya. "Miwani haikuhusu," alisema. "Nipe dawa ya tumbo."

Opoka akahesabu vidonge. Mikono ilimtetemeka mpaka vingine vikadondoka sakafuni, akaviacha hapo hapo. Owuor alirudi kwake akicheka.

"Daktari gani huyo anatetemeka kama kuku amenyeshewa? Mlevi yule. Nilimuuliza kambi yake tu, akanitajia majirani."

"Ulivua miwani?" Aoko aliuliza.

"Nivue ya nini?"

Aoko akaketi chini, pale pale alipokuwa amesimama.

Asubuhi mlango wa Opoka ulikuwa wazi na chumba kitupu. Uji wa mtoto uliganda kwenye sufuria. Maimunah alikuwa anafagia kizingiti, naye hakuinua macho.

"Wameenda, nnyabo," alimwambia Aoko. "Mwambie bwana wako mimi sijui kitu. Tafadhali, mwambie hivyo hivyo."

"Wamekimbia kodi," Owuor alisema, akanywa chai yake.

Wiki haikuisha, Oduor akashikwa na homa. Kufikia adhuhuri alikuwa anakaza meno na kugeuza macho. Watoto wote wa uani wakipandwa na homa hiyo walikimbizwa mlango wa tatu, na mlango wa tatu ulikuwa na kufuli jipya. Owuor alimbeba mwanawe hadi barabarani, akasimama na miwani yake, akapunga mkono. Teksi ikapunguza mwendo, dereva akamtazama, akakanyaga mafuta. Ya pili ikafanya vile vile. Ya tatu iligeuka ikarudi ilikotoka.

"Wajinga hawa wanachukia Wakenya!" Owuor alifoka.

Aoko hakumjibu. Aliinyakua ile miwani usoni pake, akaitupa kwenye lami, akaikanyaga kwa kisigino mara mbili. Dereva aliyefuata alifunga breki na kuchungulia.

"Ssebo, bwana! Macho gani hayo? Kumbe wewe mgonjwa tu. Ingieni, ingieni haraka."

Hospitali kubwa ilikuwa na foleni hadi nje, na kwinini, dawa ya malaria, ilipatikana jioni tu. Oduor aliishi. Alipoamka mama yake alimwita kutoka nyuma, hakugeuka. Akamwita tena kwa sauti. Mtoto aliendelea kutazama ukuta.

Siku ya pili yake Owuor alikwenda kazini macho wazi. Sajini Sulaimani alirudi nyuma mpaka akagonga kabati la mikate.

"Kumbe siku yote napikia watu ugonjwa! Toka. Hapana shika mkate yangu."

Kampala ilimgharimu Owuor kazi moja na chumba kimoja. Ilimgharimu Opoka, Anena na mtoto wao kila walichokuwa nacho, na hakuna aliyewahi kusema walifika wapi. Ilimgharimu Oduor masikio, yote mawili. Ini la Owuor lilipona lenyewe, bila dawa, kabla ya Krismasi.