Mto Upumue

Mukasine mwenyewe ndiye aliyewapeleka askari wa mradi wa kuhifadhi mto mahali Nyiramana alipoficha mtumbwi wake. Aliwatangulia kushuka mteremko ulio nyuma ya mtaa wa Nyamirambo, kanga ameifunga kiunoni, mpaka ukingo wa mto Nyabarongo. Mtumbwi ulifunikwa kwa matete. Askari mmoja akautoboa kwa shoka, mwenzake akamalizia kuupasua. Walipokuwa wanafuta jasho, Nyiramana akatokea kinamasini na mzigo wa mafunjo kichwani, maji yakimchuruzika mabegani.

"Ni wewe, Mukasine?"

"Tulikubaliana wote. Mafunjo hayakatwi tena. Ndege wanataga humo."

"Ndege iko na mbawa," Nyiramana alisema. "Mimi iko na nini?"

Mukasine alipanda kilima bila kugeuka nyuma, kwa kuwa alikuwa na hakika anatenda haki.

Hakika hiyo aliipata kwa Manzi. Manzi alikuwa mtoto wa marehemu dada yake mkubwa. Mukasine alimlea tangu hajaota meno, akamsomesha kwa virago vya mafunjo alivyosuka na kuviuza sokoni. Kijana alipopata kazi katika mradi huo, alikuja kwa miguu, akaketi barazani na kinamama wasukaji, akala maharage pamoja nao. Akawaambia kwamba bonde likiendelea kukatwa hivyo, korongo watahama, maji yatapungua, na wajukuu watarithi matope.

"Acheni mto upumue," alisema. "Sisi tutawatafutia kazi nyingine. Na mkimwona mtu anakata, mniambie."

Wengine waliguna. Nyiramana aliuliza ni kazi gani hiyo. Mukasine ndiye aliyesimama kumtetea Manzi. Aliwakumbusha jinsi korongo walivyokuwa wakicheza mtoni wao walipokuwa wasichana, makundi kwa makundi, na jinsi siku hizi mtu anavyoweza kushinda bondeni asione hata mmoja. Hapo hakusema uongo. Kinamama wakakubali kwa sababu yake, maana mikono yake ilikuwa na makovu ya mafunjo kama yao.

Kazi nyingine haikuja. Mukasine akawa anafua nguo za watu. Binti yake Umuhoza akaacha shule, akaenda kushona vifungo kwa fundi cherehani. Kinamama wakaacha kumwitikia salamu. "Vumilieni," aliwaambia hata hivyo, "Manzi hawezi kutusahau."

Zikaja boti.

Tangu vita vifunge njia za kwenda maziwa ya mashariki, wakubwa wa mjini walikuwa wamekosa ziwa la kustarehe siku ya Jumapili. Sasa malori yaliteremsha boti za injini hapohapo chini ya mji. Wafungwa wakaletwa kufyeka mafunjo, wakafungua uwazi mpana kama barabara kuu, kuanzia ukingoni mpaka kwenye maji ya kina. Pakajengwa gati la mbao na banda la vinywaji. Mukasine alisikia ngurumo ya injini akiwa anafua. Akateremka mbio, mikono ingali na povu.

Manzi alikuwa gatini, amevaa shati jeupe, akiwaonyesha mafundi pa kufunga kamba.

"Manzi."

Kijana alimshika kiwiko, akamvuta kando. "Mama mdogo, si hapa. Kuna wageni."

"Wanafyeka."

"Wanafungua njia tu. Wageni wakiuona uzuri wa mto, watatoa fedha za kuulinda. Ndivyo hifadhi zinavyoishi."

"Na ndege?"

"Watazoea."

"Watazoea injini? Mbona mundu wetu hawakuuzoea?"

Manzi alitazama nyuma, kisha akapunguza sauti. "Nilipinga. Wallahi nilipinga. Mkurugenzi akaniuliza kama nataka kazi au nataka mto."

"Ukamwambia nini?"

"Mke wangu ana mimba, mama mdogo."

"Nyiramana ana watoto wanne. Nimempelekea askari mimi, kwa miguu yangu hii."

Manzi akasema, taratibu, kama mtu anayesahihisha kosa dogo, "Hilo sikukutuma mimi."

Mukasine alimtazama usoni. Alimtafuta mtoto aliyekuwa akilala mgongoni mwake, hakumwona. Akakichomoa kiwiko chake kutoka vidoleni mwa Manzi, akaondoka.

Mafunjo yaliyofyekwa yalilundikwa ukingoni, yakaanza kuoza. Ya juu yalikuwa bado yanasukika. Mukasine akaenda kwa Nyiramana, akabisha hodi, akasema kupitia mlangoni kwamba kuna mafunjo ya bure, waende pamoja.

"Enda na askari yako," Nyiramana alijibu kutoka ndani.

Akaenda peke yake, Jumapili mchana. Alikuwa amefunga mzigo wa kwanza na anajitwisha, askari akamwita. Alikuwa yule wa shoka.

"Hapana gusa. Hiyo iko mali ya hifadhi."

"Yanaoza, mwanangu."

"Acha ioze. Ndiyo sheria."

"Wewe unanijua. Mimi ndiye niliyewaleta siku ile."

"Nakujua sana. Kaa chini, tungoje gari ya polisi ya komini."

Akaketi kwenye matope, mzigo umefunguka kando yake. Boti ikaja kutoka upande wa gati, imejaa wanaume wenye kofia za jua na wanawake waliobeba chupa. Manzi alisimama mbele, akieleza jambo kwa kidole. Mwanamke mmoja aliyefunga kitambaa cha hariri akamwona mama mtu mzima ameketi kando ya maji, amezungukwa na majani mabichi. Akatabasamu, akampungia mkono. Wenzake nao wakapunga. Mmoja akainua kamera.

Mukasine aliiacha mikono yake mapajani.

"Wanakusalimia," askari alisema. "Pungia."

Hakusogea.

"Nimesema pungia, mama. Ni wageni."

Boti ikapita karibu, injini ikiunguruma. Manzi aligeuka, akamwona. Kisha akainua mkono na kuwaonyesha wageni kitu fulani upande wa pili wa mto, na vichwa vyote vikageukia huko. Wimbi likafika ukingoni, likamlowesha Mukasine mpaka kiunoni. Askari alikuwa amekishika kifundo cha mkono wa Mukasine, ameuinua juu, na alikuwa akiupunga.