Sigara Isiyojizima

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, tena wa daraja la kwanza.

Nashona makochi sebuleni kwa bibi yangu. Sisi mafundi wa makochi misumari midogo tunaibana mdomoni, ili mkono mmoja uvute kitambaa na mwingine upige nyundo. Sigara inabidi ikae pembeni. Tangu sheria itake sigara zote ziwe za kujizima zikiachwa bila kuvutwa, kila nikiirudia yangu naikuta imekata roho. Nikachoka kuwasha. Nikanunua za magendo, zile za zamani, zinazowaka mpaka kishungi.

“Mume wangu,” bibi aliita kutoka chumbani alikolala, mguu wake kwenye plasta, “sigara yako leo mbona haichoki?”

“Ya kiume hii, bibi!”

Akacheka, akasinzia.

Nikajaza misumari mdomoni, nikaiegesha sigara kwenye mkono wa kochi, nikainama kupigilia kitambaa cha mgongo wa kochi. Ilipoanguka sikuiona. Harufu ndiyo iliyonishtua. Kugeuka, sponji inafuka. Kufumba na kufumbua, moto umedaka pazia la mlango wa bibi.

Nilitaka kupiga kelele, na misumari je? Nikaitema ovyo, mmoja ukanichoma ulimi, sauti ikatoka ya mbuzi. Moshi mweusi ulikuwa unashuka kutoka darini. Nyuma yangu mlango wa barabarani ulikuwa wazi, na miguu yangu, sitaki kuwadanganya, ilikuwa imeshaelekea huko.

“Bibi!”

Kimya.

“Bibi!”

Kikohozi. Kisha kishindo: ameanguka kutoka kitandani.

Nikajitupia kichwani turubai la kufunikia makochi, nikaingia kwa magoti, macho nimeyafumba, napapasa sakafu kama kipofu aliyedondosha shilingi. Mkono ukagusa kitu kigumu. Plasta. Nikamvuta kwa huohuo mguu uliovunjika, naye akapiga yowe la kupasua bati. Sijawahi kusikia yowe tamu kama lile.

Majirani waliuzima moto kwa ndoo na mchanga. Tukakaa kando ya barabara, masizi usoni. Lakini mdomo wangu haujui likizo.

“Hata hivyo, bibi, sheria ile ni ya kitoto. Mimi mtu mzima, nikiungua nimejiunguza. Inanilinda ya nini?”

Bibi akakohoa, akapangusa midomo.

“Wewe ulikuwa na mlango, mume wangu. Mimi nilikuwa na sheria tu, nawe ukaninyang'anya.”