Daktari Amejifungia Bafuni

Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja wake pale redio ya duka la jirani iliposema matokeo ya mtihani wa kumaliza sekondari yametoka. Akampigia binti yake. Hapatikani. Akapiga tena, hapatikani.

"Labda chaji imeisha," mteja alisema.

"Huyo? Hata akienda kuoga simu anaiweka dirishani."

Binti huyo, kifungua mimba wake, mtaa mzima ulimwita Daktari tangu alipochagua masomo ya sayansi. Wauza mboga walimwonyesha vidonda vyao. Mama yake mdogo alikuwa keshajiandikisha kutibiwa presha bure. Chuo cha udaktari kilikuwa kimempa nafasi kwa sharti moja: kemia na biolojia zisipungue B. Msusi mwenyewe ndiye aliyeitangaza habari hiyo. Kila aliyekaa kwenye kiti cha saluni aliondoka nayo.

Alitoka mbio, kitana kikiwa bado kimechomekwa kwenye nywele zake. Mteja naye nyuma yake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ya aliyepigwa shoti.

Nyumbani kimya. Viatu vya binti viko mlangoni. Bafu limefungwa kwa ndani, na bomba linamwaga maji.

"Mwanangu?"

Maji tu.

"Mwanangu, nijibu. Nakuomba, nijibu!"

Kichwani zilipita picha ambazo hakuthubutu kuzitazama. Aligonga, akapiga teke, akasukuma kwa bega. Mlango haukutikisika.

"Kamwite fundi!" alimpigia mteja kelele. "Aje na nyundo!"

"Usimwite mtu," sauti ndogo ilitoka ndani. "Watajaa hapa."

Msusi alikaa sakafuni palepale.

"Umekunywa kitu? Niambie ukweli."

"Sijanywa kitu, mama. Nimefungulia maji usinisikie nikilia. Kemia nimepata D. Udaktari hawanichukui tena."

"Fungua."

"Watu utawaambia nini?"

Swali hilo lilimkata maini. Mtoto alikuwa akiwaogopa watu ambao mama mwenyewe ndiye aliyewajaza habari.

"Mdomo ulioeneza ni wangu, na utakaowaambia ni huuhuu. Wewe fungua tu nikuone."

Kitasa kilizunguka. Binti alitoka macho yamevimba, nguo zimemlowa. Msusi alimshika uso, shingo, mikono, akamkagua kama mtoto mchanga aliyezaliwa sasa hivi.

Mteja alipita, akafunga bomba. "Haya, na mimi nitatembea hivi hivi?" Walicheka wote watatu, kicheko kilichojaa machozi.

Wiki iliyofuata mama na binti walikwenda chuoni. Karani wa udahili hakuzunguka: nafasi ya udaktari imekwenda. Kwa alama hizo angeweza kusomea kazi za maabara, au arudie kemia mwakani ajaribu upya.

"Maabara," binti alisema. Mtihani ule hakutaka kuuona tena.

Saluni, msusi aliwaambia wateja mambo kama yalivyokuwa. Wengine walimpa pole kama aliyefiwa.

Asubuhi ya kwanza ya masomo alimsindikiza binti hadi getini, akabaki amesimama, macho kwenye majengo, mpaka mlinzi akamwuliza kama amepotea.